Mhuri Chini ya Bakuli

Godelieve aliporudi mjini Baraka, kando ya ziwa, kutoka Lubondja milimani, alikuta mlango wa nyumba yake umeng'olewa, na ndani hakuna kilichobaki ila kile ambacho wezi hawakujua kazi yake. Kitanda kilikwenda. Cherehani ilikwenda. Masufuria, mapazia, hata misumari ya ukutani ilikwenda. Lakini sanduku la mbao la mume wake lilikuwa palepale pembeni, limepinduliwa, na vigae vyake vimemwagika sakafuni: vipande vya kauri nyeupe yenye michoro ya buluu, vingine vidogo kama ukucha, vingine kama kiganja cha mtoto. Aliyelipindua alitafuta dhahabu, akakuta vyombo vilivyovunjika. Akaviacha.

Alikaa chini katikati ya vigae vile na kulia. Alikuwa amemzika mama yake Lubondja bila kutoa chozi, maana huko kulikuwa na watu wengi wa kulia na yeye ndiye aliyewapikia. Hapa hakukuwa na mtu wa kumpikia.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1997. Mume wake, Fabien, hakuwa amerudi, wala hakuwa ameandika.

Kabla ya vita watu wa Baraka walimwita Godelieve "Madame," kama walivyowaita walimu wote wa kike. Alifundisha wasichana kukata na kushona. Fabien alifundisha historia. Alikuwa amesoma Lubumbashi, na badala ya kurudi na suti mpya kama wenzake, alirudi na ugonjwa wa kuokota. Kila mvua kubwa ilipopiga, alikwenda ufukweni, mahali ambapo wazee walisema watu wa Ujiji walitua zamani na misafara yao, akatembea ameinama kama mwanamke anayechambua mchele. Mvua ikichimba udongo, vigae vinatoka. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Sahani, na yeye hakukasirika. Jioni alivipanga vigae mezani, taa karibu, na kumwita mkewe.

"Godée, kuya uone hii."

"Niko nasahihisha."

"Kuya tu kidogo. Shika. Sasa, usianze na sura. Batu bote banaanzaka na sura. Pindula kwanza, uangalie kisigino."

Kisigino ndicho alichokiita ule ukingo wa chini ambao bakuli hukalia. Huko, alisema Fabien, mfinyanzi hasemi uongo, kwa sababu anadhani hakuna atakayeangalia. Kama kisigino kimekatwa kwa uangalifu au kwa haraka, kama mchanga wa tanuri umeng'ang'ania, kama udongo ni mweupe kabisa au wa kijivu, yote yanaonekana pale. Alimwonyesha vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano kwenye ule mng'ao wa kioo unaofunika chombo. Alimwonyesha jinsi rangi ya buluu ilivyo nzito na karibu nyeusi mahali ambapo brashi ilisimama kupumzika. Godelieve alisema "ndiyo" na "kweli?" na mawazo yake yalikuwa kwenye madaftari. Si kwamba hakumpenda. Alifikiri jioni za namna hiyo hazitaisha.

Bakuli zima walilokuwa nalo lilikuwa moja tu. Fabien alilipata kijijini Nundu kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwekea chumvi ndani yake. Alimpa mbuzi na blanketi, na bibi akamwona mwendawazimu. Lilikuwa na maua ya buluu kuuzunguka mwili wake wote, na ndani, kwenye kitako, duara kavu lisilong'aa. Ukingoni lilikuwa na ufa mwembamba uliopinda kama njia ya mlimani. Chini, ndani ya kisigino, kulikuwa na mhuri wa herufi nne za Kichina, na kando yake doa la kahawia kama punje ya ulezi.

Mhuri huo Fabien aliutafuta miaka miwili. Aliukuta hatimaye kwenye kitabu kimoja katika maktaba ya mapadri, na siku hiyo alirudi nyumbani akikimbia, mtu mzima, mbele ya wanafunzi wake. Ulikuwa mhuri wa mfalme aliyetawala Uchina zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

"Unaelewa maana yake?" alimwambia mkewe. Hakukaa chini. "Banasema sisi watu wa hii ziwa tulikuwa gizani mpaka Waarabu balikuya na misafara. Myaka mia na kitu, basi. Na hii bakuli inasema hapana. Inasema tulikuwa tunafanya biashara na bahari mbele ya Wareno, mbele ya bote. Godée, hii inaenda kubadilisha kitabu."

Alitaka kulipeleka ng'ambo, Kigoma, kisha Dar es Salaam, kwa wataalamu. Kila likizo alipanga safari, na kila likizo kulikuwa na sababu ya kungoja.

Oktoba ya 1996 ilikata mipango yote. Mizinga ilisikika upande wa Uvira, kisha karibu zaidi, na barabara ikajaa watu waliobeba magodoro vichwani wakielekea kusini. Mama yake Godelieve alikuwa amelala hoi Lubondja, hawezi kutembea. Mume na mke walisimama mbele ya kanisa, watu wakiwapita kulia na kushoto, na waliamua kwa haraka ile ambayo baadaye mtu huirudia maisha yake yote akitafuta neno alilolisahau. Godelieve atapanda milimani kwa mama yake. Fabien atakwenda Kazimia, upande wa kusini, kutafuta boti, avuke, atayarishe mahali. Bakuli alilifunga katika kitenge cha mkewe, akaliweka kifuani ndani ya koti.

"Nikifika Kigoma nitaandika," alisema. "We kuya na mama akipata nguvu."

Mama hakupata nguvu. Na barua haikuja.

Kilichokuja ni habari. Mtu mmoja aliyetoka kambi ya Lugufu, huko Tanzania, alisema amemwona mwalimu wa Baraka akifundisha watoto wa wakimbizi chini ya hema, mzima kabisa, amenenepa. Godelieve alifurahi siku ile mpaka akashindwa kula. Alituma salamu kwa kila aliyevuka. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Salamu zilikwenda ziwani kama mawe. Ndipo habari ile ikageuka sumu. Mume aliyekufa, unamlilia. Mume aliye hai, amenenepa, na haandiki, utamfanya nini? Majirani walimhurumia kwa namna iliyouma kuliko matusi. "Batu ya ng'ambo banasahauka, Madame," walisema. "Banaoa huko. Ndivyo iko."

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, hata majirani hao waliondoka. Baraka ikawa mji wa askari, mbuzi waliopotea, na wachache ambao hawakuwa na mguu wa kukimbilia au hawakuwa na sababu. Shule ilifungwa; madawati yalichomwa kupikia. Kati ya wanafunzi wake aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote alikuwa Mukabera, binti wa familia ya wafugaji wa milimani, aliyeweza kukata kola bila kuchora. Familia yake ilikuwa imepanda juu zamani, na nyakati zile, kwa kuwa wafugaji wale walihesabiwa upande wa adui, mtu hakuweza hata kuuliza habari za binti kama huyo bila kutazamwa vibaya. Godelieve alimwulizia moyoni.

Kwa nini yeye hakuvuka? Aliulizwa mara nyingi, akajibu kwamba ana shamba la mihogo. Ukweli ni kwamba aliogopa kumkuta Fabien na mke mwingine.

Alishona kwa mkono, akalima, akachota maji. Kulikuwa na siku nzima ambazo hakutamka neno, na jioni alipokohoa alishtuka kusikia sauti yake. Katika siku za namna hiyo ndipo alipoanza kuvitoa vigae. Mara ya kwanza alitaka kuviosha tu, kwa kuwa vilikuwa na vumbi na Fabien alichukia vumbi. Alivitandaza kwenye mkeka karibu na mlango, mchana, kwenye mwanga. Alishika kimoja, na mkono wake, bila yeye kuuamuru, ukakipindua kutazama kisigino.

Akasikia sauti ya mume wake waziwazi kama yuko nyuma yake.

Tangu hapo aliviangalia kila alipopata nafasi. Alikuta kwamba alikuwa amesikiliza kuliko alivyofikiri. Maneno ya jioni zile yalikuwa yamekaa ndani yake kama mbegu kwenye kibuyu. Alivipanga kwa unene, kisha kwa rangi ya udongo, kisha kwa namna buluu ilivyoingia. Akaanza kuona vitu ambavyo Fabien hakumwonyesha. Kulikuwa na fungu la vigae alilolidharau mume wake, akiliita "bya juzi," kwa sababu alivipata pamoja na shanga za misafara ya Ujiji. Vingi vya fungu hilo vilikuwa vya kitako, na ndani ya kila kitako kulikuwa na duara kavu. Godelieve alipitisha kidole. Duara halikuchakaa kwa kutumiwa; halikuwahi kuwa na ule mng'ao wa kioo. Mng'ao ulikoma pembeni yake kwa mdomo laini, kama pindo lililoshonwa. Aliwaza siku kadhaa mpaka akaelewa: walivipanga tanurini kimoja juu ya kingine, vingi kwa pamoja, na wakapangusa majimaji ya ule mng'ao mahali vinapogusana ili visigandane. Vyombo vya haraka, vya watu wengi.

Alifurahi. Aligeuka kumwambia mtu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Kiangazi cha mwaka 2000, asubuhi moja, mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini, na mkononi alikuwa na kifurushi cha gunia.

"Hodi humu! Madame iko?"

"Niko. Nani?"

"Bonaventure, mi mutu wa boti. Mi natoka Kazimia. Niko natafuta mutu anajuaka bintu bya zamani, na baliniambia hapa iko nyumba ya mwalimu mumoja..."

"Mwalimu haiko."

"Balisema vile. Lakini balisema na muke yake anajua." Alichuchumaa, akafungua gunia. "Kuna batu Kigoma banauzaka bintu hivi kwa bazungu. Mi nataka tu kujua kama ni kitu ao si kitu, nisisumbue boti yangu bure."

Lilikuwa bakuli. Godelieve aliona ufa ukingoni kabla hajaona maua, ule ufa uliopinda kama njia ya mlimani. Alinyoosha mikono, akalipokea, akalipindua. Mhuri. Doa la kahawia kama punje ya ulezi.

Swali lilimjaa kinywani: umelitoa wapi? Halikutoka. Alijua kwamba likishatoka litajibiwa, na jibu likishakuja halitarudi. Basi alifanya kile alichoweza kukifanya. Alisogea mlangoni kwenye mwanga na kuliangalia bakuli kama chombo cha mtu asiyemjua.

Hakuwa amelishika tangu 1996, na wakati ule alilipangusa vumbi tu. Sasa vidole vyake vilikuwa vidole vingine. Kisigino kilikatwa kwa haraka. Kisu kiliruka sehemu mbili. Udongo ulikuwa wa kijivu. Ndani, lile duara kavu: Fabien alisema limelika kwa karne za vijiko. Alilipitishia kidole na kukuta ule mdomo laini, pindo lilelile. Lilikuwa duara la vile vigae "bya juzi." Akaligeuza polepole, akitazama maua, moja baada ya moja, kama mtu anayekagua kitenge dukani kabla ya kukilipa.

"Si ya mufalme," alisema.

"Nini?"

"Hii bakuli. Ni ya Uchina, ni ya kweli. Lakini haiko ya zamani kama mhuri inasema. Ni ya wakati wa babu za babu zetu, wakati wa misafara. Ni bakuli ya kulia ya batu ya kawaida."

Bonaventure alimtazama kwa jicho moja limefinywa. "Madame, samahani. Ule aliniachia hii alisema mwalimu mwenyewe alihakikisha, myaka mia tano. Sasa we unasema ni ya kawaida, ili mi niiache hapa kwako?"

"Kaa. Kuya hapa kwenye mwangaza." Alimwekea bakuli mbele ya macho. "Angalia hili ua. Jani lake la tatu, iko na nini?"

"Iko na mukato kidogo."

"Na ua ya pili?"

Bonaventure aliinama. "Iko nao."

"Ya tatu?"

"Nayo... iko nao." Aliligeuza mwenyewe sasa, ua hadi ua, mpaka akarudi alikoanzia. "Bote biko nao. Pale pale."

"Mutu akichora kwa mukono, anaweza kukosea. Lakini atakosea mara zote, pale pale, kiasi kile kile?"

"Haiwezekani," alisema Bonaventure. Kisha: "Ni kama kitenge."

"Ni kama kitenge. Balichonga ua moja kwenye kitu, bakachovya kwenye rangi, bakagonga, bakazungusha, bakagonga. Na hapa, mwisho ulipokutana na mwanzo, angalia, maua mawili yamekanyagana. Mushonaji anaijua hiyo. Ndiyo kazi ya bakuli nyingi-nyingi, za bei raisi."

"Na jina ya mufalme chini?"

"Jina kila mutu anaweza kuandika. Aliyeandika hapa alitaka tu bakuli yake iheshimiwe."

Alipolisema hilo aliona uso wa Fabien siku ile alipokuja akikimbia barabarani. Alikuwa amemfundisha asianze na sura, na yeye mwenyewe, alipopindua na kuona mhuri, alisimama hapo. Alikuwa amelitaka jambo hilo sana. Godelieve alihisi amefungua barua ya mtu na kuichana.

Bonaventure alipumua, akaanza kukunja gunia. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amekata tamaa kidogo tu. Ndipo Godelieve akauliza.

"Uliipata wapi?"

"Kazimia, kwa mama Félicité, yeye anauzaka ndagala. Nilimupa chumvi. Iliachwa na mwalimu mumoja wa huku, alilalaka kwake wakati ya mbio ya vita ya kwanza..." Alitazama sanduku la vigae, kisha mkeka, kisha mwanamke. Akavua kofia.

"Na ule mwalimu alienda wapi?" Godelieve aliuliza.

"Madame, utamuuliza mama Félicité mwenyewe. Mi sina kinywa ya kusema hiyo. Boti yangu inarudi kesho asubui. Hautalipa kitu."

Waliondoka alfajiri, boti imejaa mihogo mikavu na kuku waliofungwa miguu. Hadi kuizunguka rasi ya Ubwari hakuna aliyezungumza naye. Bonaventure alikuwa amewaambia abiria kitu. Mawimbi yalikuwa makubwa kwenye rasi, na wanawake waliimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo. Godelieve alitazama milima ya ng'ambo, ile ya Tanzania, ambayo alikuwa ameitazama kwa miaka kwa chuki kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Walipokuwa wameingia maji matulivu, Bonaventure alikuja nyuma na kumwekea mapajani gunia lenye bakuli.

"Chukua. Kitu ya vile haisafiri tena na mi."

Félicité alikuwa ufukweni, akigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa mchangani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kuvuta nyavu. Bonaventure alisema naye pembeni. Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, akasimama mbele ya Godelieve, akamtazama usoni muda mrefu.

"Ni we Godée," alisema.

Hakuna aliyemwita jina hilo kwa miaka minne. Félicité akamshika kiwiko na kumkalisha kwenye mtumbwi uliopinduliwa.

"Alifika na ule wimbi ya batu," Félicité alianza, bila kuzungukazunguka. "Alikuwa mugonjwa tayari. Tumbo, na kutapika. Kila mutu alikuwa anaogopa ile ugonjwa, hakuna boti ilimukubali. Nilimukuta amekaa hapa-hapa, peke yake, batu bamemuachia nafasi kubwa. Nikamwingiza mu jikoni yangu. Dada, sikuwa na kitu. Sikuwa na sahani hata moja, zote tulizika kule juu. Nilikuta ile bakuli mu koti yake, nikamunywesha uji nayo. Sikujua ni kitu ya maana. Akacheka! Alikuwa hana nguvu ya kucheka, lakini alicheka. Alisema, mufalme wa Uchina atavumilia."

Godelieve alitoa sauti, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

"Alikuwa anakuongelea. Alisema, Godée anatoka Lubondja, atafika kesho, mi nimungoje. Kila siku, kesho. Kisha ikawa hawezi tena kusema. Banaume babili balinisaidia, tulimuzika nyuma ya shapeli, ile kanisa ndogo. Nilituma habari Baraka na mutu mumoja, na mwingine tena. Naona hazikufika."

"Hazikufika," alisema Godelieve. "Baliniambia alivuka. Baliniambia amenenepa."

"Hapana, dada. Hakuvuka."

Miaka yote ile alikuwa amemkasirikia mtu aliyelala ng'ambo ya rasi, siku moja kwa boti. Alikuwa amemwozesha wanawake wengine kichwani mwake, amempa nyumba, amempa watoto, na kumlaani. Naye alikuwa hapa, akimngoja yeye.

"Ile bakuli," Félicité alisema kwa aibu, "niliitoa wakati chumvi ilikosekana kabisa. Alisema iko ya myaka mia tano. Aliiamini sana. Ni kweli?"

Godelieve alikuwa amemwambia mfanyabiashara ukweli bila kusita. Sasa alichagua nusu yake tu.

"Ni ya zamani," alijibu. "Na ulifanya vizuri kuitoa kwa chumvi. Bibi wa Nundu alikuwa anawekea chumvi mule."

Kaburi lilikuwa limezama, na mihogo ya jirani ilikuwa imeota mpaka juu yake, lakini mtu alikuwa amelizungushia mawe ya ziwani. Félicité alimwacha peke yake. Godelieve aling'oa majani, akakaa. Alikuwa amejiandaa kulia na hakulia. Alitoa bakuli kwenye gunia.

"Fabien," alisema. "Ulipindula, lakini ulisimama kwenye mhuri. Haukuangalia maua. Yote iko na mukato kwenye jani ya tatu. Na lile duara, haikulika na vijiko. Vile vigae ulivyoitaga bya juzi, byote biko na duara ile-ile. Ni ndugu zake. Niliviona mwenyewe."

Akangoja. Ndivyo walivyofanya siku zote kwa mambo mengine: yeye akisema jambo, Fabien alivuta pumzi, akainua kidole, akaanza na "Lakini." Hakukuwa na hoja isiyokuwa na "lakini" yake. Angesema kwamba maua ya kugonga yalikuwepo hata zamani. Angesema kwamba bakuli moja si ushahidi wa kutosha upande wowote. Godelieve alikuwa ameyaandaa hata majibu. Kwa miaka minne alikuwa amejifunza, kigae kwa kigae, mpaka akawa mtu wa kubishana naye, na upepo ulipita kwenye majani ya mihogo, na hakuna aliyevuta pumzi.

Hapo ndipo alipolia. Félicité alimsikia kutoka ufukweni, na akafanya vyema kutokuja.

Alikaa Kazimia majuma mawili, akilala jikoni mulemule. Katekista wa pale, mzee Placide, aliyekuwa pia seremala, alijitolea kuchonga msalaba. Alikuja na ubao na kopo la rangi nyeusi.

"Jina ninayo," alisema. "Mwaka ya kuzaliwa, Madame amenipa. Sasa, tarehe ya kufa?"

Félicité alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Mvua ilikuwa imeanza," alisema Félicité.

"Ilikuwa imeanza juzi-juzi, ao tayari mahindi ilikuwa juu?" Godelieve aliuliza.

"Mahindi ilikuwa inafika hapa." Alionyesha goti. "Hapana. Chini ya goti."

"Ndagala ilikuwa inatoka?"

"Tulikuwa hatuingii ziwani, kwa sababu ya vita. Lakini mwezi... nakumbuka tulimuzika na kuna mwezi mchana, nyembamba, pale juu ya mulima."

Godelieve aliuliza hili, akaulizia lile, akapima, akarudi nyuma. Watu wa Baraka walipita lini, siku ngapi kabla? Jumapili katekista alisali au hakusali? Félicité alijitahidi, uso umekunjamana, na kila jibu liliifuta siku moja na kuongeza mbili. Mwishowe Godelieve alimshika mkono.

"Acha, dada. Andika tu Novemba."

Mzee Placide akaandika: Novemba 1996. Nafasi aliyokuwa ameipimia siku ilibaki tupu mbele ya neno, na hakujua aifanyie nini, akachora kijistari.

Godelieve alirudi Baraka na boti ileile. Bakuli alimwachia Félicité, ambaye hakuwa na sahani nyingi. Félicité alikataa, kisha akakubali, kisha akaliosha.

Wanawake wachache waliobaki Baraka walisikia, wakaja. Hapakuwa na pombe wala ugali wa kutosha, na ilibidi waondoke kabla ya jua kuzama kwa sababu ya askari. Lakini walikaa naye chini kwenye mkeka, wakavua viatu, wakamlilia Mwalimu Sahani kwa sauti kubwa kama inavyotakiwa, miaka minne baadaye. Mmoja wao, ambaye alikuwa amemwambia zamani kwamba watu wa ng'ambo husahau, alimwomba radhi. Godelieve alimwambia si kitu.

Walipokwenda alifagia, akakunja mkeka. Asubuhi alifunga kitambaa cheusi kichwani, akachukua jembe na kwenda shambani, na njiani watu wawili walimsalimu kwa pole ya mjane. Aliitikia.